Shangazi Amesusa

Siku ya kumi na tisa leo, Shangazi hajala.
Nilimpa mende wa jikoni, mnene, aliyenona kwa ukoko,
akamtazama kama mwenye nyumba anavyoitazama noti iliyochanika,
kisha akampa kisogo.
Nikamtoa mende kwa kijiti, nikamtia chupani.
Mwenye kuvua ngozi hana silaha,
hata chakula chake chaweza kumla.

Anaishi kwenye kisanduku cha kioo
kilichokuwa cha samaki wa mapambo wa jirani Ng'washi
kabla umeme haujakatika siku tatu, samaki wakaelea.
Kina ufa. Nimeuziba kwa gundi ya viatu.
Udongo ni wa palepale nyuma ya choo, chini ya jiwe
lililobeba nusu ya vyumba vyetu hapa Igogo,
ambako Fundi Lugembe alimfukua akichimba msingi,
na koleo likaondoka na mguu mmoja,
wa kushoto, wa pili kutoka mbele.
"Ua!" walisema wote.
Mimi nikaleta ndoo.

Kazi yangu mimi ni ngozi.
Kiwandani, chini kwenye maji, tangu saa kumi na mbili:
mabuti meupe, kofia ya wavu, vidole vimekufa ganzi kwa barafu.
Sangara anafika mbele yangu, natia kisu mkiani,
navuta.
Inatoka kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa.
Mia nne kwa zamu. Mia tano, ndege ikisubiri.
Mnofu unapanda angani, mapanki yanapanda toroli.
Pingili moja ya kidole changu cha shahada
ilibaki huko, mwaka ule wa mafuriko;
msimamizi alisimamisha mkanda dakika sita.

Kwa hiyo usiku najua ninachotazama.

Tumbo limekuwa jeusi, linang'aa kama bilinganya.
Mgongo umechujuka, rangi ya kanga ya kudekia.
Anatembea kama aliyebeba maji kichwani bila ngata.
Juzi alifunga mlango wa shimo kwa utando.
Jana akaufungua, akatoka, akaanza kutandika:
anashusha uzi, anazunguka, anashusha,
anapapasa kona kwa kona
kama mkunga anayenyoosha shuka.

Nazima taa. Tochi ya simu nimeifunika leso nyekundu.
Mvua ya upande wa ziwa imeanza kuonja mabati.
Saa nane na robo, anajipindua chali.

Majukwaani tumeambiwa sana habari za kujivua gamba.
Sijamwona hata mmoja akilala chali kwanza.

Minza, mwanangu, kaamka: "Mama, amekufa?"
Hapana. Buibui aliyekufa hukunja ngumi.
Huyu amekunjua.

Halafu hakuna kitu. Kwa muda mrefu, hakuna kitu.
Halafu kifuniko cha kifua kinabanduka
kama cha sufuria ya maharage,
na ndani yupo yeye, mbichi, rangi ya maziwa yenye chai kidogo,
anavuta, anapumzika, anavuta,
soksi saba zilizolowa kwa mpigo mmoja.
Hakuna kisu. Hakuna mkanda.
Meno yake mapya ni meupe, laini,
hayawezi kung'ata hata uji.

Nahesabu miguu. Nahesabu tena.
Wa kushoto, wa pili kutoka mbele:
mwembamba kama njiti ya kiberiti, umepinda kidogo,
una pingili zote.

Minza anautazama. Kisha anatazama mkono wangu.
"Kalale," namwambia.

Saa kumi na moja. Mvua imehamia Kirumba.
Ngozi iko kando, nzima, hadi kucha, hadi vinyweleo,
hadi madirisha manane ya macho.
Miaka kumi na moja nachuna,
sijawahi kuitoa moja nzima namna ile.
Nashika mabuti yangu, naivuta komeo taratibu.
Mende yupo kwenye chupa, dirishani, anapanda, anateleza.
Ana wiki mbili.